Skana ya ELM327: Kidude cha Chini ya Shilingi 2,000 za Kenya Kinachokutetea Gereji

Habari zenu watazamaji. Kilichoko mkononi hapa ni skana ya ELM327, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Wengi wenu mnakijua kwa kusoma taa ya injini, na kazi hiyo imeshachambuliwa vya kutosha. Leo tunakipima kwa kazi nyingine: gari limeingia gereji kwa service ya kawaida, limetoka na tatizo, na fundi anakwambia, "Hiyo ilikuwako tangu zamani, boss."

Je, kidude hiki kinaweza kukusaidia hapo? Kinaweza, na kwa njia ambayo hata wanaokiuza hawaitaji.

Kompyuta ya injini, pamoja na kuweka kodi za hitilafu (namba kama P0171 zinazotaja tatizo), huhesabu kilomita ambazo gari limetembea tangu kodi hizo zifutwe mara ya mwisho. Huhesabu pia mara ambazo injini imepata moto tangu hapo, na magari mengi ya karibuni huongeza muda kwa dakika. Skana ya kawaida ya gereji haiwezi kuandika namba nyingine mahali pa hizo. Inachoweza ni kuzirudisha sifuri, na kuzirudisha sifuri kwenyewe ni alama.

Twende polepole hapa. Asubuhi kabla hujapeleka gari, chomeka kidude, washa swichi, fungua programu kama Car Scanner au Torque. Nenda kwenye orodha ya sensa, tafuta mstari wenye maneno "codes cleared". Tuseme unasoma kilomita 6,300, na dashibodi inasema 84,210. Piga picha ya skrini, kisha piga picha ya dashibodi yenyewe. Jioni ukirudishiwa gari, kabla hujatoka getini, rudia. Dashibodi 84,214, lakini mstari wa "codes cleared" unasoma kilomita 1. Maana yake kuna mtu aliyefuta kodi gari likiwa mikononi mwao, na kilomita moja tu imepita tangu afute. Kwa nini afute kodi kwenye gari lililokuja kubadilishwa oili na plagi?

Tahadhari: swali hilo lina jibu halali. Kwenye magari mengi, kuchomoa betri kunarudisha hesabu hiyo sifuri vilevile, na fundi anayegusa waya za umeme anatakiwa kuchomoa betri. Kwa hiyo usimrukie mtu. Uliza, "Mlichomoa betri? Kwa kazi gani?" na uangalie kama kazi hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya kazi. Kama betri ilichomolewa, utakuta saa ya redio na stesheni vimepotea pia, angalau kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoendesha. Saa ikiwa sawasawa na kodi zimefutwa, basi kuna uwezekano mkubwa zilifutwa kwa skana.

Kitu cha pili ni frizi fremu. Kodi nyingi zinapoingia, kompyuta inahifadhi hali ya gari ya wakati ule: mzunguko wa injini, spidi, joto la maji, mzigo wa injini. Hapa ndipo mabishano mengi hufa. Chukua mfano wa throto (mlango wa hewa ya injini) iliyosafishwa. Fundi anatoa bomba la hewa, anachomoa waya wa sensa ya hewa, anasafisha, anarudisha, lakini kilipu ya waya haikulia "klik". Au imevunjika, maana plastiki ya gari lenye miaka kumi imeshakauka kwa joto la boneti. Unatoka, mtikisiko wa tuta la kwanza unaiachia. Injini inakosa nguvu, taa inawaka. Ukisoma, unakuta P0102 (ishara ya sensa ya hewa iko chini mno) na P0113 (ishara ya joto la hewa iko juu mno) kwa pamoja, na joto la hewa inayoingia linasoma nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo haipo hata kileleni Mlima Kenya. Ni waya ulioachia, basi. Kompyuta ikikosa ishara ya sensa ile husoma mwisho wa kipimo. Kodi mbili zikiingia pamoja namna hiyo, zinaelekeza kidole kwenye soketi moja, na soketi hiyo imeguswa leo.

Linganisha na P0171, mchanganyiko mwembamba wa petroli. Hiyo inaweza kuwa bomba la hewa lililoachwa bila kukazwa, na inaweza pia kuwa uzee wa gari. Ukikuta P0171 peke yake usiende nayo kwa hasira. Kagua mabomba kwanza, ukiwa na fundi huyohuyo akiangalia.

Na sasa kosa ambalo wenye vidude hivi hulifanya kila siku: usibonyeze kitufe cha kufuta kodi. Ukibonyeza, umefuta frizi fremu na umerudisha hesabu sifuri wewe mwenyewe. Ushahidi umekwisha.

Kidude chenyewe je? ELM327 ya asili ilikuwa chipu ya Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga kazi mwaka 2022. Unachonunua mtaani ni nakala. Cha kuchekesha, zinazoandikwa "v1.5" ni toleo ambalo Elm hawakulitoa kamwe, lakini nakala nyingi za jina hilo hufanya kazi vizuri kuliko zile za "v2.1", ambazo mara nyingi hukosa baadhi ya amri na kukatika katikati ya usomaji. Ukiwa na iPhone, zile za Bluetooth ya zamani hazitaungana kabisa. Tafuta yenye Bluetooth 4.0 au ya Wi-Fi. Ukiweza kuongeza pesa, Vgate iCar Pro ni ya kuaminika zaidi. Usiiache imechomekwa usiku, kwa sababu pini namba 16 ina umeme muda wote na betri dhaifu italala. Magari ya Kijapani ya kabla ya mwisho wa miaka ya 2000 mengi hayatoi hesabu hizi zote. Lijaribu gari lako kabla hujaitegemea.

Pia kuna uharibifu ambao kidude hiki hakiuoni kabisa, na kusema kweli ndio mwingi. Bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa mfano. Kwenye injini ya 1NZ ya Toyota Fielder na Axio inakazwa kwa karibu Nm 37 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Akiikaza fundi kwa bomba refu, meno ya sampu yanaliwa, na tone la oili linaanza siku mbili baadaye. Nati za magurudumu kwenye magari hayo ni Nm 103. Mashine ya upepo inapita hapo bila kuuliza, stadi, yaani bolti inayoshika nati, inavutika kisha inakatika. Jeki ikiwekwa nje ya sehemu yake, ukingo wa chini ya mlango unakunjwa na rangi inapasuka, kutu inafuata. Kwa haya yote, dawa ni video ya mzunguko mmoja wa gari, taratibu, pamoja na kuinama na simu chini ya milango na chini ya injini, mbele ya anayepokea gari.

Gia ya CVT, otomatiki inayotumia mkanda, ni balaa lake peke yake. Nissan nyingi za CVT zinataka oili ya NS-3, na Toyota zinataka oili yao ya CVT. Ukiwekewa ATF (oili ya gia otomatiki) ya kawaida, mkanda wa ndani unaanza kuteleza, na P0776, kodi ya presha ya oili ya gia, inaweza kuja baada ya wiki, si siku hiyo. Omba kopo tupu la oili iliyowekwa na risiti yenye jina lake. Ukiwa na mashaka, chota oili kidogo kwenye chupa safi, uifunge na kuandika tarehe, kabla mtu mwingine hajaimwaga.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Ukiona tatizo, taa ya oili ikiwa imewaka, zima gari hapohapo. Usipeleke kwa fundi mwingine akafungue, kwa sababu baada ya hapo gereji ya kwanza itasema yeye ndiye aliyeharibu. Andika ujumbe siku hiyohiyo: tarehe, namba ya gari, kazi iliyofanywa, kilichoharibika, picha, na unachotaka, iwe ni kutengenezewa au kurudishiwa pesa. Wape siku 7 wakague wewe ukiwepo. Wakikataa, tafuta ukaguzi wa mtu asiyehusika. AA Kenya hukagua magari na kukuandikia ripoti. Kisha chukua bei za gereji mbili.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari, na gereji nyingi hazijaisoma. Bei ya makadirio haipaswi kupitwa kwa zaidi ya asilimia 10. Kipuri kipya na kazi ya kukifunga vina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kinachotangulia. Vipuri vya zamani unapaswa kurudishiwa. Bango la "gari limeegeshwa kwa hasara ya mwenyewe" halifuti haki hizo.

Wakizuia gari mpaka ulipe, usilitelekeze pale. Kuna sheria ya mali isiyochukuliwa inayowaruhusu kuuza baada ya kutoa notisi. Matangazo ya namna hiyo mmeyaona magazetini. Lipa, lakini kwenye nakala ya risiti na kwenye ujumbe uandike, "Nimelipa ili nipate gari langu, sijakubali uharibifu wala bei," kisha utie sahihi na tarehe.

Hasara isiyozidi shilingi milioni 1 inaingia Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kwenda bila wakili, na sheria inaitaka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo ndipo picha za skrini zinapofanya kazi, na ndipo nyingi huharibikia. Picha isiyoonyesha saa, tarehe wala namba ya gari itabishiwa. Kwa hiyo ukipiga ya skana, rekodi video moja bila kukata: anza na namba ya gari, ingia ndani, onyesha dashibodi, kisha skrini ya simu ikiwa imeungana. Usiikate, usiitie maandishi, usiitume kwa WhatsApp halafu ukafuta ya asili. Mahakama hii haibanwi sana na kanuni za ushahidi, lakini wakili wa upande wa pili anaweza bado kukudai cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza ni simu gani ilirekodi na nani aliitumia. Kiandike mapema, ambatanisha na maelezo yako, na siku ya kusikizwa nenda na simu yenyewe ikiwa na chaji.