Kiondo cha mkonge kutoka soko la Machakos, miezi minane baadaye

Kiondo changu cha kwanza nilinunua kwa duka moja la kifahari hapa Nairobi, 4,500, mvua ikaninyeshea siku moja tu kikachuja rangi nyekundu kwa blauzi nyeupe. Duka silitaji. Nilipouliza nani amekisuka, dada wa kaunta akaniambia "ni wamama wa Ukambani", basi, hapo ndio mwisho.

Hiki cha pili nimekitoa Machakos sokoni kwa susu mmoja (ndio nyanya kwa Kikamba) anauza huku anasuka, 1,800, nilitaka kuomba apunguze akaniangalia tu nikaona aibu. Ni mkonge mtupu, wameusokota wenyewe kwa paja, si uzi wa kiwandani, na kitako kimekaza mpaka ukikiinua juani mwanga haupiti. Kila Jumamosi nabeba viazi, sukuma, maziwa, nanasi juu, na hakijalegea. Kahawia yake ni ya magome ya mti, ilichuja kidogo mara ya kwanza kuosha ikaacha.

Shida ni mikanda, ni ya mkonge pia, inakata bega vibaya. Nilipeleka kwa fundi viatu akaweka ya ngozi, 600. Na hapa ndio nikaelewa ile 4,500, maana susu aliniambia wenye pikapu wanachukua kwake kwa 700, kazi ya wiki mbili hiyo jamani, 700! Yaani ngozi yangu ya bega imekaribia kulipwa sawa na yeye.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, miaka ya 80 viondo viliuzwa sana ng'ambo halafu vya kuiga vya mashine kutoka Asia vikaangusha bei. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ndio imevirudisha sokoni kwa watu wa kawaida kama sisi.

Ila wamama hawanyamazi. Wako kwa mwethya, vikundi vile vile vya Ukambani vilivyochimba matuta milimani kwa nyimbo, na wana wimbo wa kumsema dalali, wanamwimbia akiwa amesimama hapo hapo, naye kwa vile Kikamba hajui anapiga makofi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nampa nne kwa tano, moja nimekata kwa sababu ya bega. Nimeagiza kingine kikubwa, amesema nisubiri avune ndengu kwanza.