Jozani na watoto na bibi: msitu safi, mtembezaji hovyo (nadhani)

"Mgonjwa mmemleta msituni afanye nini?"

Maneno hayo aliyatamka kijana tuliyemlipa atutembeze Jozani, ule msitu wa hifadhi wa Unguja, na huyo mgonjwa wake ni mama mkwe wangu, amesimama pale pale anasikia, mjukuu mdogo kamshika mkono. Bibi haumwi. Ana magoti ya mtu aliyeinamia jembe miaka mingi, basi. Imepita miezi kadhaa na nikikumbuka bado damu inachemka, kwa hiyo atakayekuta ukali humu ndani avumilie au aache kusoma, shauri yake.

Jina lake silitaji, wala la hoteli iliyotuunganisha naye. Unguja vijana wa namna hii wanaitwa papasi, ingawa huyu alikuwa na fulana yenye nembo na Noah yenye kiyoyozi, papasi wa daraja la kwanza tuseme. Kabla sijatoa hata shilingi nilimtumia ujumbe wa sauti nikamweleza vizuri: nina watoto wawili, mmoja bado anabebwa akichoka, na nina bibi asiyeweza kuruka mizizi wala kwenda mbio. Tupite njia gani? Akajibu kwa sauti tamu kama halua: "Dada yangu, Jozani njia zote za familia. Kima, msitu mkubwa, mikoko, zote tatu mtatembea, kote tambarare." Tambarare ni kweli. Unguja nzima karibu yote ni tambarare. Mimi sikumuuliza habari za mlima.

Asubuhi tukakuta ndani ya gari kuna wazungu wawili, mtu na mkewe nadhani, watu wazuri tu, sina neno nao. Wao walifunguliwa mlango. Bibi akaambiwa "Jambo bibi, hakuna matata!" Shikamoo ilimshinda. Mtu kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, mbele yake kuna mama wa kumzaa yeye na kaka zake wote, anamsalimia kama mtalii aliyeshuka kwenye boti sasa hivi. Bibi akaitikia "Marahaba," kwa makusudi kabisa. Hakushtuka hata kidogo.

Sasa niseme haki, maana sitaki kuambiwa nina chuki. Sehemu ya kwanza, ya kima punju, aliifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Unavuka barabara kuu ya kwenda Paje, ile yenye matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge hao kima, unaingia upande wa pili kwenye vichaka na mashamba, na hapo hutembei sana. Hawa wanyama hawana mpango na wewe. Wanakaa matawi ya chini, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani kama za mzee aliyeamshwa ghafla, wanakula majani. Yule kijana akawaonyesha watoto kwamba hawana kidole gumba cha maana, wanashika tawi kwa vidole vinne. Akaeleza kwamba hula mkaa, wanauokota kwenye matanuri ya wachoma mkaa, kwa sababu majani ya mikungu na miembe wanayopenda yana vitu vinavyosumbua tumbo na mkaa unavituliza. Akasema wako Unguja tu kwa asili, hakuna kwingine duniani. Mwanangu mkubwa alitaka kumpa mmoja ndizi, akazuiwa kwa upole: matumbo yao yameumbwa kwa majani na matunda mabichi, tunda lililoiva lenye sukari linawadhuru, na isitoshe mafua yetu yanaweza kuwaua, tukae mbali nao. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Wakati ule ungeniuliza, ningempa nyota tano, na ya sita ningeitafuta.

Halafu tukarudi getini, na hapo ndipo aliponionyesha rangi yake.

Zilibaki njia mbili. Ya msitu mkubwa inapita chini ya mitondoo na mikadi, kivuli kizito, mizizi imetambaa juu ya njia, na kwa kuwa maji ya ardhini yapo karibu sana, mvua ikinyesha panageuka tope. Mvua za vuli ndiyo kwanza zilikuwa zimepita. Nyingine ni ya mikoko upande wa kijiji cha Pete: unatembea juu ya daraja la mbao linalozunguka ndani ya mikoko hadi linakurudisha ulikotoka. Hata asiyejua lolote kuhusu msitu, akiwatazama watu waliosimama pale, angegawa hivi: wazungu wawili wenye viatu vya kupandia milima waende msituni, bibi mwenye kandambili za ngozi aende kwenye mbao.

Yeye akagawa kinyume. Wazungu aliwapakia kwenye gari akawapeleka mikokoni, kwa sababu, alisema, maji yanaanza kujaa na "wageni" wanataka picha za mizizi kabla haijafunikwa. Sisi akatukabidhi kwa mwongozaji wa hifadhi twende msitu mkubwa, akirudi atatuchukua. Nikamwambia kaka, tulikubaliana nini? Bibi hawezi huko. Ndipo akatoa lile neno la mgonjwa. Akaongeza, "Na mikoko si mnaijua nyie? Kuna nini pale, matope tu."

Yaani nimelipa. Nimelipa kama walivyolipa wenzangu, na kama walilipa zaidi ni kwa sababu kiingilio cha wageni ni kikubwa, hilo ni la hifadhi, siyo ukarimu wake. Lakini kwake yeye mtu anayesema Kiswahili haji kutazama, anakuja kusindikiza. Mswahili atazame mikoko ya nini wakati boriti za nyumba yao ni mikoko? Hii tabia ipo, tusidanganyane, na si kwake peke yake. Ukifika mahali na familia yako, umevaa dera lako, unaonekana umepotea njia ya harusi.

Msituni tuliingia. Sijui kwa nini tuliingia, hasira labda. Mwongozaji wa hifadhi, mtu mzima mpole, alimwokotea bibi tawi lililoanguka awe na mkongojo, maana kukata hairuhusiwi, akaenda naye taratibu akimwita "mama" kila sentensi. Hatukufika mbali. Kandambili moja ilimezwa na tope, ikatolewa, ikamezwa tena. Mtoto mdogo akataka kubebwa na mimi nina mkoba. Msitu wenyewe, wallahi, ni mzuri. Ubaridi wake unaingia hadi mifupani, na ukitulia unasikia matone yanadondoka juu ya majani ambayo hata huyaoni. Lakini nilikuwa sioni kitu, nilikuwa nahesabu mizizi iliyobaki mbele ya miguu ya bibi. Tukageuka. Tukakaa kwenye benchi getini, na gari halikurudi mpaka tumeshachoka kuliulizia.

Mikokoni hatukwenda. "Muda umeisha, dada."

Sasa sikilizeni. Kabla hatujaondoka Unguja nilirudi na bibi na watoto kwa daladala. Zile za Makunduchi na za Jambiani zinapita mlangoni kabisa, kutoka mjini ni kilomita kama 35, bei yake ya kucheka. Tukasema tunataka mikoko tu, na tukapewa dada mmoja wa hifadhi ambaye siku hizi namwombea dua. Maji yalikuwa yametoka. Alituonyesha mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama mtu aliyeinua nguo asilowe, na mchu, unaotoboa tope kwa mizizi inayochungulia juu ili ipumue. Akavunja jani la mchu lililokuwa limeanguka akawaambia watoto walambe: chumvi! Mti unatoa chumvi kupitia majani. Akaonyesha miche ya mkoko inayoota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama bamia ndefu, ikianguka inachoma tope na kusimama. Kaa kila mahali, wadogo, wengine na gando moja kubwa wanalipunga. Bibi alitembea daraja lote. Lote! Alisimama katikati na kutuambia ipi ni boriti nzuri na ipi inaliwa na wadudu, yule dada akawa anamuuliza yeye.

Kwa hiyo kama una mzee au mtoto mdogo, anza na mikoko, na muulize mtu wa hifadhi habari za maji kabla ya kupanga saa. Maji yakitoka unaona kaa na mizizi, yakijaa unaona samaki wanapita katikati ya mizizi, vyote vizuri ila watoto wadogo wanapenda kaa. Kima wafuate, ni hatua chache. Msitu mkubwa uache kwa wenye miguu, au njoo kiangazi, na usivae kandambili hata ukiambiwa pakavu. Wakati wa masika mimi nisingemwingiza mtoto humo.

Na yule kijana? Nilikuwa nimeshaandika kichwani: nyota sifuri, mkimbieni kama ukoma. Nikamsomea bibi. Bibi akaniangalia, akasema, "Mdomo wake mchafu, lakini wanyama anawajua yule. Yule dada wa mikoko hakutuambia habari za mkaa." Nikasema mama, alikuita mgonjwa. Akasema, "Kwani magoti siyaumwi?" Na akataka nimhifadhie namba yake, eti mwakani shemeji zangu wakija awapeleke kwa kima.

Basi nyota mbili. Moja ya mkaa, moja ya kiyoyozi. Hapana, nikifikiria ile "mikoko si mnaijua," moja inatosha, ya mkaa. Pesa ya njia ya mikoko hajarudisha mpaka leo. Nimemwandikia, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu. Akirudisha nitapandisha hadi mbili. Akiniandikia "hakuna matata," nafuta hata hiyo moja, bibi apende asipende.