Spectrum ya 1982: tunapakia gemu kwa redio kaseti

Sikilizeni hii kwanza, msiondoke. Mmeusikia mlio huo? Hiyo ni gemu. Gemu nzima imo ndani ya mlio huo, na kabla video haijaisha nitakuwa naicheza hapa mbele yenu.

Asalaam aleikum, karibuni. Leo mezani nina Sinclair ZX Spectrum, ile yenyewe iliyotoka Uingereza mwaka 1982, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Vipimo vingine sitavisoma, mnavijua au mtavitafuta. Nataka mtazame udogo wake tu. Naiweka pembeni ya daftari la shule, mnaona? Kompyuta nzima ndiyo hii, na kibodi ni humohumo. Kioo ni tivii yako ya nyumbani.

Nimeipata mtumba kwa paundi 85, na posta ikakaribia nusu ya bei hiyo. Muuzaji aliandika "inafanya kazi". Ilipofika, safu nzima ya herufi haikuitika, kwa sababu utando wa plastiki ulio chini ya vitufe ulikuwa umekauka na kukatika. Hilo liliniudhi sana. Ukinunua yako, muombe muuzaji video akibonyeza kila kitufe, kimoja kimoja. Fundi wangu amebadilisha utando, akabadilisha na kapasita za zamani, kisha akatoa waya wa njano wa AV, maana tivii za sasa nyingi haziipokei ile picha yake ya antena.

Jambo moja la hatari, shikeni hapa. Adapta yake ni ya volti 9, lakini ncha ya katikati ni hasi. Adapta nyingi tulizonazo majumbani katikati ni chanya. Ukichomeka yoyote kwa sababu imeandikwa 9, unaweza kuiua kompyuta yenye miaka zaidi ya arubaini. Swichi ya kuwashia pia haina, ukichomeka imewaka.

Haya, imewaka. Kioo cheupe, chini kimeandikwa jina la Sinclair Research, kampuni iliyoitengeneza, na 1982. Basi. Inakungoja wewe.

Sasa ndiyo sehemu niliyoitengenezea video hii. Nasogeza kamera. Hii hapa redio kaseti, na huu waya unatoka tundu la spika za masikioni la redio unaingia tundu lililoandikwa EAR nyuma ya Spectrum. Nimeugawa mara mbili ili na nyinyi msikie. Nabonyeza J. Tazameni kioo: sijaandika herufi J, limetokea neno zima, LOAD. Halafu nashika SYMBOL SHIFT na P, mara mbili, zinakuja alama za kufungua na kufunga usemi. ENTER. Sasa PLAY kwenye redio.

Angalieni ukingo wa picha. Mistari minene, myekundu na ya buluu nyepesi, inapanda taratibu, na sauti ni moja iliyonyooka, piiiii. Hapo kaseti inaiambia kompyuta, jiandae. Sasa! Umesikia ilivyokatika? Jina la gemu limetokea: Manic Miner. Piiiii tena, halafu mistari inakuwa myembamba, njano na buluu, inatetemeka, na sauti imekuwa ya kukwaruza. Hizo ndizo data zenyewe. Kila biti, yaani kila sifuri au moja ya data, ni wimbi la sauti, fupi kwa sifuri na refu kwa moja, na kompyuta inapima urefu wa kila wimbi linapopita. Sauti ikiwa ndogo haisikii, ikiwa kubwa mno inachanganyikiwa, na mwisho wake unaandikiwa "R Tape loading error", unarudisha mkanda, unaanza upya. Leo nimerudia mara nne. Namba yangu ya bahati kwenye kirungu cha sauti cha redio hii ni sita na nusu.

Inachukua zaidi ya dakika tatu, kwa hiyo tukae, nitawasimulia.

Mjomba wangu alirudi Unguja kutoka masomoni mwaka 1985 na moja kama hii. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994, na huko Bara serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974. Kwa hiyo sisi watoto wa mtaa ule tulijiona tumepata kitu. Gemu zake mjomba alizinakili kwenye kaseti tupu, kwa redio ya deki mbili, vilevile watu walivyonakili taarab. Siku moja bibi akachukua kaseti, akaiweka kwenye redio, akakaa barazani na kahawa yake angoje nyimbo. Ukatoka mlio huu! Kuanzia siku hiyo kila kaseti ya gemu ilifungwa uzi mwekundu.

Na kwa kuwa data ni sauti, ziliweza hata kurushwa hewani. Beograd, Yugoslavia, miaka ya 80, mtangazaji Zoran Modli katika kipindi chake cha Ventilator 202 alikuwa akirusha programu redioni, wasikilizaji wanarekodi nyumbani, kisha wanapakia kwenye Spectrum zao. Programu zilipakuliwa kutoka hewani kabla ya intaneti. Kila nikilifikiria, mwili unanisisimka.

Mtu ameuliza kwenye komenti wiki iliyopita: kwa nini usinunue ile Spectrum mpya iliyotengenezwa 2024, yenye HDMI, tundu la tivii za kisasa, na gemu 48 ndani? Ni nzuri, na kwa mwenye watoto nadhani ni chaguo la busara. Lakini haina tundu la kaseti. Unachagua gemu kwenye orodha, inafunguka papo hapo, na huku kungoja pamoja kumeondoka. Na Commodore 64, kompyuta iliyoshindana nayo wakati ule, nakubali, kwa muziki na rangi inaishinda. Spectrum kila kimraba cha nukta 8 kwa 8 kinabeba rangi mbili tu, ndiyo maana wahusika wakipishana rangi zinaambukizana. Ila Spectrum ya kilobaiti 48 ilianza kwa paundi 175, na Commodore ilikuwa ghali zaidi.

Nilipoanza kurekodi nilitaka kuvisema vibaya vitufe hivi vya mpira. Vinabonyea kama kifutio. Lakini sasa nimeshazoea, na hili la kitufe kimoja kuleta neno zima nimelipenda upya.

Tangazo fupi: kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi usiku, si Jumatano. Na wasio na redio kaseti, Jumamosi ya kwanza nitaonyesha kupakia kwa simu, ukicheza faili la sauti kupitia waya huuhuu.

Nyamazeni. Mlio umekatika. Imekubali! Manic Miner, 1983, kazi ya Matthew Smith akiwa na miaka 17, vyumba 20. Chumba cha kwanza, nakusanya funguo huku hewa inapungua hapo chini. Sakafu hii inabomoka, usisimame. Ruka... ruka... ufunguo wa mwisho huo. Mlango unawaka. Twende chumba cha pili.