Mwanga unachoka au anga linatanuka?

Pale Ujiji kwenye kijiwe cha kahawa kuna kambi mbili, wanabishana kwa nini mwanga wa galaksi za mbali, yale makundi makubwa ya nyota, unatufikia ukiwa umeelekea wekundu. Fundi redio anasema ulimwengu umetulia tu, mwanga ndo unachoka njiani, unapoteza nguvu kidogo kidogo mpaka unatufikia ukiwa mwekundu. Mwalimu mstaafu anabisha, anga lenyewe linatanuka na kuvuta mawimbi ya mwanga yanakuwa marefu, na mawimbi marefu ndo wekundu wenyewe.

Msimcheke fundi jamani, wazo hilo alilitoa mwanaanga Fritz Zwicky mwaka 1929, mwaka uleule mwanaanga mwenzake Edwin Hubble alipoonyesha galaksi za mbali zinatukimbia kwa kasi zaidi. Na ni jepesi, halihitaji mwanzo wowote.

Sasa kinachomuua fundi ni supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, hizi zinawaka na kufifia kwa mpangilio unaojulikana, lakini za mbali tunaziona zinafifia polepole, yaani kama mawimbi yamevutika mara mbili basi mambo ya wiki 3 sisi tunayaona kwa wiki 6, na mwanga uliochoka tu hauwezi kurefusha muda hivo. Afu ungekuwa unachoka kwa kugongana na vitu njiani, picha za galaksi za mbali zingekuwa na ukungu, na hazina. Bado ule mnururisho wa anga zima uliogunduliwa na Penzias na Wilson, ukatangazwa 1965, ambao ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, na mwanga uliochoka hauwezi kuueleza.

Kwa hiyo mi niko na mwalimu. Ila akiulizwa nishati giza, ile inayosemekana inaharakisha kutanuka kwa anga, ni nini hasa anaagiza kahawa nyingine, na fundi anacheka mpaka anakohoa.