Kujitolea uenyeji wa kambi Marekani: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Kama una gari-nyumba na umesikia kwamba kambi za Marekani, yaani viwanja vya kulala wageni wenye mahema na magari-nyumba, zinakuweka bure ukijitolea kuzitunza, ni kweli, wala si utapeli. Ila nisome kwanza kabla hujajaza fomu, maana mimi nimetoka huko na bado nimefura.

Mpango wenyewe uko hivi. Wastaafu wengi kule wanapangisha nyumba zao, wanahamia kwenye gari-nyumba na kuzunguka nchi. Kulipia pa kuegesha kila usiku kunakausha mfuko, kwa hiyo kambi nyingi za umma zinakupa nafasi yenye umeme, maji na, ukiwa na bahati, bomba la majitaka. Wewe, unayeitwa mwenyeji wa kambi, unalipa kwa jasho, mara nyingi saa 20 hadi 30 kwa wiki. Mshahara hakuna. Unasafisha vyoo, unazoa takataka, unaangalia nani kalipia na nani kajiegesha tu, na kutwa nzima unajibu swali la dubu. Ndiyo, dubu wapo. Hapana, usiache chakula mezani.

Mimi na mama watoto tulipangiwa kambi moja milimani Colorado. Jina lake siliweki hapa.

Na kazi sina ugomvi nayo hata kidogo. Vyoo vingi vya huko milimani ni vya shimo, zege chini na dohani ndefu juu ya paa, na watu wanatoka mjini na magari ya mamilioni kuja kulala jirani navyo, tena wanasifia hewa. Mimi nimekulia kwenye choo cha shimo, sikuhitaji mafunzo. Kilichonifundisha kitu ni majivu. Mgeni akiondoka asubuhi jiko linaonekana limekufa kabisa, jivu jeupe, baridi. Unachomeka koleo, unageuza, na chini kuna kaa jekundu linakuangalia. Unamwaga maji, unakoroga, unamwaga tena mpaka liache kuchemka, kisha unasogeza kiganja karibu ulisikilizie joto. Huendi jiko la pili kabla hujaridhika, kwa sababu msitu wa misonobari wakati wa kiangazi hauhitaji kaa la pili. Kazi hii ningeifanya hata leo.

Sasa huyu bwana wa jenereta.

Sheria ya kambi ilikuwa kimya kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na iko ubaoni pale getini kwa herufi kubwa. Wikiendi moja ya katikati ya msimu, jenereta la gari-nyumba moja refu kama basi la mkoani likawa linaunguruma mpaka karibu saa tano. Nikavaa kizibao changu cha njano chenye maandishi ya mtu wa kujitolea mgongoni, nikabeba tochi, mama watoto nyuma yangu. Tulifundishwa kusimama mbali, kusalimia, kueleza sheria na kutobishana. Mwenyeji wa kambi hana mamlaka ya kumtoza mtu faini. Mtu akigoma, unamwita askari wa hifadhi, naye huenda yuko bonde la tatu huko.

Nikasalimia. Nikaeleza kwa upole, ule upole wa kumbembeleza mkwe. Akanipandisha na kunishusha kwa macho, akauliza, "Mwenyeji wa kambi yuko wapi?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hapana, mwenyeji mwenyewe."

Kizibao kinang'aa kwa taa yake mwenyewe! Akataka kitambulisho. Akauliza nani katuruhusu kuingia humu. Mama watoto alinishika mkono wa shati, nami nikajua maana yake, nikanyamaza. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa hema la jirani, aliyetoka na tochi yake ya kichwani na soksi bila viatu: "Hao ndio wenyeji. Zima hilo dude lako, tulale." Akazima. Kwa yule bibi alizima bila kuuliza kitambulisho.

Hilo ningelimeza. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali. Lakini siku chache baadaye ikaja barua pepe ya msimamizi: mgeni amelalamika kwamba wenyeji "hawakuwa wakarimu", tafadhali tulegeze kidogo namna yetu ya kuongea na wageni, na yule bwana amerudishiwa hela ya usiku ule. Amerudishiwa! Mimi nisiyelipwa senti nimepewa onyo, na aliyewanyima watu usingizi kapewa chenji.

Kambini hakukuwa na mtandao, kwa hiyo niliendesha mpaka juu ya kilima ndipo nikampigia. Nikasimulia yote, neno kwa neno. Akasema anatuthamini sana, sisi ndio sura ya kambi. Nikamwambia, mama, sura hii hii ndiyo iliyomshinda yule bwana. Kimya. Kisha akaniuliza kama funguo za stoo ya karatasi za chooni ninazo mimi.

Kwa hiyo nyota mbili. Ingawa, tuseme ukweli, bibi wa soksi alituletea keki siku anaondoka na akakaa na sisi mpaka chai ikapoa. Watoto wa kambini walimfuata mama watoto kila anapokwenda. Na kambi ikiwa chini ya taasisi za shirikisho zilizomo kwenye mpango wa pasi za mbuga, ukifikisha saa 250 za kujitolea unapewa pasi ya mwaka ya kuingia bure mbuga za taifa, jambo ambalo si dogo kwa bei za sasa. Nyota tatu basi. Lakini nikikumbuka zile funguo, hapana, mbili.

Ukiamua kwenda, ulizia kwa maandishi kama zile saa ni za kila mmoja au zenu wote wawili, maana hapo ndipo wengi wanapoumizwa. Bomba la majitaka liwe pale unapoegesha, si kilomita mbili huko ambako itabidi ung'oe kila kitu ili ukamwage. Na uliza usiku unampigia nani, kwa simu gani.

Mama watoto anasema nimekuza mambo. Ameshajaza fomu ya msimu ujao, kambi nyingine, na kwenye nafasi ya mdhamini kaandika jina la msimamizi yule yule. Nimemwambia alifute. Hajafuta.