isalpha au iswalpha: ipi inaijua ŋ?

Nilikuwa hapa Kampala nikiandika programu ya lugha ya kompyuta C ya kuhesabu maneno ya Kiganda. Neno eŋŋoma, yaani ngoma (ŋ ni sauti ya ng'), likatoka vipande viwili: "e" na "oma". Nilikuwa nimetumia isalpha, fanksheni ya C inayopima kama alama ni herufi; iswalpha ni mwenzake.

isalpha hupima baiti moja moja. Kwa Kiswahili inatosha, maana tunaandika kwa a hadi z (ritifaa ya ng'ombe utaishughulikia mwenyewe, kwa fanksheni zote mbili). Lakini ŋ katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote kwa baiti, ni baiti mbili, C5 na 8B, na hakuna inayotambulika kama herufi ikiwa peke yake. Eŋŋoma ina herufi 6 ila baiti 8. Tena usiipe isalpha char (aina ya C ya kushika baiti moja) yenye thamani hasi, matokeo hayana dhamana; igeuze kwanza iwe unsigned char.

iswalpha, iliyoingia kwenye C kwa nyongeza ya 1995 pamoja na wctype.h, faili inayoitangaza, hupima herufi nzima. Inadai kazi zaidi: uite setlocale(LC_ALL, "") mwanzoni ili programu ifuate mipangilio ya lugha ya mashine, mashine iwe imewekwa UTF-8, kisha fanksheni mbrtowc igeuze baiti kuwa wchar_t, aina ya C ya kushika herufi nzima. Ukisahau setlocale, ŋ haitambuliwi ng'o, na hapo unaweza kupoteza siku nzima ukitafuta kosa pasipo kosa.

Kwa faili za mipangilio naendelea na isalpha. Kwa maandishi ya Kiganda nachagua iswalpha bila kusita, na eŋŋoma sasa inahesabiwa neno moja.