Malezi ya kambo: mtoto mdogo kuliko wako, au mkubwa?

Tanzania Bara, malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda nyumbani kwako mtoto wa wengine, yamo ndani ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na mlango wake ni afisa ustawi wa jamii. Ikiwa mwanao ana miaka 3, mweleze afisa mapema unaweza kumpokea wa umri gani.

Mdogo, tuseme wa miezi 8, hamnyang'anyi mwanao nafasi ya ukubwa. Uzito wake ni usiku. Kitanda na chandarua viwe tayari, lakini usimhamishe mwanao kitandani wiki ileile mgeni anapofika: ataona amefukuzwa, na huenda akaanza tena kukojoa kitandani. Mhamishe miezi 2 kabla.

Mkubwa, wa miaka 7, anavaa mwenyewe na kujieleza, ila anakuja na kumbukumbu zake. Aliyewahi kulala njaa anaweza kuficha chapati chini ya mto hata sufuria ikiwa imejaa. Usimwite mwizi. Weka ndizi mezani, ale bila kuomba, mpaka hofu itulie. Watoto wasioge pamoja wala wasiachwe peke yao miezi ya mwanzo. Si kumshuku, bali hujui aliyoyapitia.

Kwa familia inayoanza malezi haya, tunapendekeza mdogo. Wanaolingana umri ndio mtihani hasa, kwani kila kitu kitagombewa.

Kwa vyovyote, usimwahidi mwanao ndugu wa kudumu, maana mtoto anaweza kurudi kwao. Mwambie: "Atakaa nasi mpaka nyumbani kwao kutengemae."